Baba, nimeonja dawa ya New York

New York, Jumapili usiku

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na kile kikohozi kilichomtia Mama wasiwasi kimekwisha. Leo nina jambo moja tu la kukuandikia.

Ijumaa wenzangu wa kazini walinipeleka Attaboy, baa iliyoko nambari 134, Mtaa wa Eldridge. Ukipita nje hutajua kama kuna baa. Unabisha hodi, unasubiri. Chumba chenyewe ni chembamba kama behewa la treni, taa hafifu, viti vya kuhesabu. Menyu hakuna. Mhudumu anakuuliza unapenda nini, kikali au kilaini, kichachu au kichungu, kisha anakuundia chako.

Nikasema napenda tangawizi. Akaniletea Penicillin. Naam, jina la dawa! Ina wiski ya Uskoti, limau, asali na tangawizi, na juu kabisa wiski kidogo ya kisiwa cha Islay, yenye moshi. Basi pua inakutana na moshi kabla ulimi haujagusa kitu. Nilikumbuka jiko la kuni la Bibi kule Wundanyi, machozi yakanilenga.

Aliyeibuni mwaka 2005 ni Sam Ross, mmoja wa wawili walioanzisha Attaboy. Wakati huo chumba hichohicho kilikuwa baa ya Milk & Honey ya marehemu Sasha Petraske. Wanasema alikuwa na kanuni zake: mwanaume haruhusiwi kumwendea mwanamke asiyemjua na kujitambulisha. Nikakuona wewe nyuma ya kaunta ya hoteli pale Diani, ukimwambia mgeni aliyelewa, kwa upole, kwamba yatosha.

Lakini kilichonishika zaidi ni mikono. Kila kitu kinapimwa, hata maji ya limau. Hakuna kukadiria kwa jicho. Chenye juisi kinatikiswa, cha pombe tupu kinakorogwa polepole. Barafu ni donge moja kubwa, angavu kama kioo, kwa sababu kubwa huyeyuka taratibu na haikizimui kinywaji. Watu wanamtazama mhudumu kama wanavyomtazama fundi wa dhahabu. Bei ni kubwa: glasi mbili zilikula pesa yangu ya chakula cha siku tatu, na sijutii.

Baba, ulisimama nyuma ya kaunta miaka mingi, ukatulipia karo sote, na bado kuna watu kanisani waliokuita mtu wa pombe. Mimi mwenyewe, shuleni, nikiulizwa kazi yako nilisema "hotelini" tu, nikanyamaza. Naomba unisamehe. Ile ilikuwa kazi ya ufundi, na nilipaswa kuitaja kwa jina.

Nilimweleza mhudumu kuhusu kinywaji chetu kiitwacho Dawa, kile kilichopata umaarufu pale mkahawa wa Carnivore, Nairobi: vodka, ndimu, sukari, na kijiti chenye asali cha kuponda na kukorogea. Akaacha kufuta glasi akasikiliza. Akaniuliza: asali ikikutana na barafu inaganda, sasa baba yako alifanyaje iyeyuke? Nikashindwa kujibu.

Niandikie, tafadhali. Ulikuwa unaanza na ndimu au asali? Na ile asali ya kutoka Taita uliipasha moto kwanza? Nimeahidi kumpelekea jibu.

Msalimie Mama na wadogo zangu.

Mwanao