Mheshimiwa Waziri, Januari Tuachie Maji ya Gura

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti unayesimamia kilimo na uvuvi,

Najua meza yako imejaa barua za mbolea, maziwa na bei ya kahawa. Ukiona neno trauti, yule samaki wa mito ya baridi, utadhani ni mambo ya wazungu wawili watatu wenye kofia pana. Mimi mama yangu anachuma majani chai hapa Othaya, Kaunti ya Nyeri, na kazi inayonilisha ni kuwaongoza watu kuvua trauti katika mto Gura kwa inzi wa bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya na uzi ifanane na mdudu. Nakuandikia kuhusu maji. Lakini kwanza nikupeleke mtoni, maana huko ndiko shida yenyewe inakoonekana.

Februari nilimpokea daktari mmoja kutoka Nairobi na mwanawe wa miaka kumi na minne. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa tumeshuka kupita mashamba ya chai, umande umelowesha suruali hadi magotini. Mvuvi wa trauti hupanda mto, hauteremki. Samaki huyu hukaa kichwa kikielekea maji yanakotoka, anangoja chakula kiletwe na mkondo, hivyo ukimjia kwa nyuma hakuoni. Kabla sijampa kijana ufito wa kuvulia, niliinua jiwe moja majini nikaligeuza. Chini yake palikuwa na wadudu waliojijengea vijumba vya changarawe, kila mmoja na chake. Yule mtoto alisahau simu yake nusu saa nzima. Hayo ndiyo anayokula trauti, na mimi kazi yangu ni kuchagua inzi atakayefanana nayo. Siku ile nilifunga Kenya Bug, ule mweusi wa siku zote.

Samaki wa kwanza wa kila mgeni ni tawi la mti. Wa kijana huyu walikuwa sita. Wa saba akawa trauti kweli, mwenye utepe wa waridi ubavuni, hajafika hata urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko, lakini aliruka mara tatu na mama yake, yule daktari, akapiga kelele ndege wakatoka msituni. Tulilowesha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu humtoa samaki ule ute unaomkinga na magonjwa. Ndoano zangu nimezibana vile vijino vyake kwa koleo, basi ilitoka bila shida. Tukamshika akielekea mkondo mpaka akaenda mwenyewe.

Saa tano tukahamia sehemu ya chini, karibu na daraja. Hapo ndipo safari ilipoishia. Nilihesabu mashine tano za petroli za kupampu maji, zote zinanguruma, mipira imelazwa mpaka mashamba ya kabichi. Mawe ambayo Novemba huwa hayaonekani yalikuwa makavu, yamepauka kama mifupa. Nikatumbukiza kipimajoto: digrii 21. Mheshimiwa, trauti ni samaki wa maji baridi. Maji yakipita digrii 20 anaanza kuhangaika, kwa sababu maji ya moto hayashiki hewa ya kutosha, na ukimchosha kwa mshipi wakati huo unaweza kumwachia akiwa hai naye akafa baada ya saa moja nyuma ya jiwe. Nikamwambia daktari tumemaliza, nikamrudishia nusu ya pesa kwa M-Pesa. Hakuzitaka. Nilisisitiza.

Usinielewe vibaya. Mojawapo ya zile mashine ni ya kaka yangu. Ana watoto wanne shuleni na kabichi haisubiri mvua. Sijaja kukuomba umfukuze mtu mtoni. Kinachoniuma ni kwamba wote watano walikuwa wakipampu saa ileile, jua la utosini, na hakuna hata mmoja wao anayejua maji yakifika wapi inabidi asimame. Hakuna alama. Kila mtu anachota mpaka ndoo igonge jiwe.

Utasema maji yana mamlaka yake ya kitaifa na wewe yako ni samaki. Sawa. Katiba ya 2010 iliweka uvuvi mikononi mwa kaunti, basi msemee samaki. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua kwamba kila mto una akiba yake: maji ya mahitaji ya lazima ya binadamu, na maji ya kuviweka hai viumbe waishio mtoni. Hiyo akiba imo kwenye karatasi. Mimi naomba ipakwe rangi kwenye nguzo ya daraja. Mstari mwekundu tu, ambao mkulima, mvuvi na mtoto wa shule wote wanaweza kuuona. Maji yakishuka chini ya mstari, mashine ziende kwa zamu, tena usiku, jua likiwa limelala. Chama cha watumiaji maji kinaweza kupanga zamu hizo kikipewa nguvu na mtu wa kukisikiliza. Na fedha za kilimo zikiwapo, wasaidieni wakulima kuchimba vidimbwi vya kutandika plastiki, wavijaze Aprili mto unapofurika na kubeba magogo, ili Januari wasiugombanie.

Labda utauliza, kwa nini tujisumbue kwa samaki mgeni? Kweli ni mgeni. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Scotland, akawapanda katika mto huuhuu wa Gura. Yule wa utepe wa waridi alifuata baadaye. Sisi Wakikuyu hata samaki hatukuwa tukila. Babu yangu aliwabebea wazungu vikapu vyao kwenye njia hizihizi, na hakuruhusiwa kushika ufito. Kwa hiyo sina kumbukumbu tamu ya zamani hizo, wala sitaki zirudi. Lakini samaki amekaa zaidi ya miaka mia, amezaana kwenye changarawe zetu, na ana faida moja ambayo hakuna ofisi inayokupa: akitoweka sehemu fulani ya mto, ujue maji yamepungua, yamepata joto, au matope ya shamba lililolimwa hadi ukingoni yamefunika mayai yake. Kipimo hicho hakihitaji mshahara wala mafuta ya gari.

Na kuna jambo jingine linalonichekesha na kunikera kwa pamoja. Nenda duka la vifaa vya uvuvi Marekani au Uingereza, utakuta inzi waliofungwa na mikono ya Wakenya. Nchi hii imekuwa ikiwafunga na kuwauza ng'ambo kwa miaka mingi. Nimekutana na akina mama wanaofunga inzi kumi na mbili huku mimi nikifunga mmoja, manyoya na uzi vikiwatii, na hawajawahi kuona trauti akimrukia hata mmoja wa inzi wao. Nilimleta mmoja mtoni mwaka juzi. Alipoona samaki amelishika inzi alilolifunga mwenyewe, alikaa kwenye jiwe akanyamaza.

Leseni nayo. Daktari yule alitaka kulipa kihalali. Tulikwenda ofisi moja mjini, sitaitaja, tukaambiwa mwenye kitabu cha risiti yuko kwenye mkutano, turudi Jumatatu. Yeye Jumatatu ana wagonjwa. Wekeni leseni ya siku inayolipwa kwa simu, na sehemu ya pesa hiyo imlipe mtu wa kuuangalia ule mstari mwekundu. Sisi waongozaji tuandikisheni, mtupe vitambulisho. Tuko mtoni kila wiki tukiwa na vipimajoto mfukoni; tutawaletea vipimo bure.

Nasema bure kwa faida yangu mwenyewe. Mto ukikauka sina kazi nyingine ninayoijua.

Nakukaribisha uje kabla ya mvua za Machi, wakati ambapo hakuna wa kukudanganya kuhusu maji. Saa kumi na mbili na nusu, kwenye kituo cha kupimia chai. Mtu yeyote pale atakuonyesha njia. Viatu vya mpira ninavyo, nambari nane na tisa. Ukihitaji kumi, tuma salamu mapema niazime kwa kaka yangu. Hatavihitaji asubuhi hiyo, kwa sababu naye nimemwomba aje, na ameahidi kuizima mashine mpaka utakapoondoka.

Wako mtiifu,
Mwongoza wavuvi, bonde la Gura