Muuaji hakuwaajiri: barua ya wazi kwa vijana wa vyumba vya habari

Wanangu,

Nimekaa kwenye meza ya habari za redio miaka thelathini na kitu hapa Pwani, na tangu nistaafu nimejizuia sana kuwaingilia. Mzee aliyeaga kazi kisha akawa anapiga simu kila jioni kusahihisha taarifa ni bughudha tupu, nami nilipokuwa kijana niliwakimbia wazee wa namna hiyo. Lakini Jumamosi iliyopita nilikwenda kunyolewa, na niliyoyaona huko yamenishinda kuyameza.

Kwa kinyozi wangu pana televisheni imetundikwa juu ya kioo. Kipindi kilichokuwa kikiendelea kilikuwa cha mauaji makubwa ya dunia, kimetengenezwa na kituo chetu cha hapa hapa nchini, Kiswahili kizuri, picha safi. Mara ikatokea sura ya yule kijana wa chuo cha Virginia Tech, Marekani: kofia imegeuzwa nyuma, mikono ameitandaza kama mwewe, bastola huku na bastola huku. Ikafuata sauti yake mwenyewe, akiulaumu ulimwengu mzima, na chini yake mmempigia ngoma nzito kama za trela ya sinema. Picha ile ilirudi mara sita kabla wembe haujafika shavu la pili. Nilihesabu.

Kwenye benchi palikuwa na mtoto wa miaka saba au minane akisubiri zamu. Akainuka, akasimama mbele ya kioo, akatandaza mikono, vidole viwili viwili vimenyooka. Akajitazama. Halafu akaigeuza kofia yake nyuma. Nikamwuliza, "Unamjua yule, mwanangu?" Akanijibu bila kugeuka, "Si ndiye staa wa hii picha, babu?"

Hebu sasa niwaeleze picha ile ilitoka wapi, maana nina shaka aliyekiandaa kipindi aliichukua mtandaoni asijiulize.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 16 Aprili 2007. Yapata saa moja na robo asubuhi, kijana yule aliwaua wanafunzi wawili kwenye bweni. Kisha akaacha. Akarudi chumbani kwake, akabadili nguo, akatoka na kifurushi mkononi, akaenda posta. Akakilipia kifike kesho yake, na muhuri wa posta ukagongwa saa 3 na dakika 1. Ndani yake mlikuwa na video 27, picha 43 na maandishi marefu ya malalamiko. Kifurushi kiliandikiwa kituo cha televisheni cha NBC, New York. Alipotoka posta ndipo akaenda kwenye jengo la madarasa la Norris, akafunga milango kwa minyororo, na ilipogonga saa 3 na dakika 40 hivi akaanza tena. Waliouawa siku ile wote pamoja ni 32, kisha akajiua.

Rudini mwisome tena aya hiyo taratibu. Mtu amekwisha kuua wawili, amebakiza thelathini, na katikati anapanga foleni posta. Kwa nini? Kwa sababu kwake yeye kile kifurushi kilikuwa sehemu ya kazi. Risasi zingemaliza nusu ya kwanza. Nusu ya pili aliwaachia watangazaji, nao hakuwahi kuwaona wala kuwalipa senti. Alijua watafanya. Hilo ndilo linaloniuma, wanangu: muuaji alitujua sisi watu wa habari kuliko tunavyojijua.

Na anwani aliikosea. Kifurushi kikachelewa, kikafika Jumatano badala ya Jumanne. Wakubwa wa kituo wakawapa wapelelezi wa FBI vitu vyenyewe, wakabaki na nakala, na jioni ile ile wakarusha. Juu ya picha zile wakabandika nembo ya kituo, kama fundi anavyotia alama kwenye kabati alilolichonga. Vituo vingine vikazidaka, na kufikia usiku dunia nzima ilikuwa imekwisha kuiona ile mikono iliyotandazwa. Familia zilizokuwa zimekubali kuhojiwa asubuhi yake kwenye kipindi cha kituo hicho zikaghairi. Polisi wa jimbo wakasema hadharani kwamba wamesikitishwa. Ndipo kituo kikatangaza kwamba tangu hapo picha hizo hazitazidi asilimia 10 ya muda wa matangazo. Fungu la kumi! Kama vile wanamtolea muuaji sadaka.

Msiniambie hapakuwa na njia nyingine. Siku ile ile, huko Kanada, shirika la utangazaji la CBC waliamua kutozirusha kabisa video hizo, na mhariri mkuu wao, Tony Burman, akasema wazi kwamba wenzao wa Marekani wamekosea. Watazamaji wa Kanada waliambiwa kwamba kifurushi kipo, kilitumwa lini na ndani mna nini. Habari waliipata yote. Walichokosa ni tamthilia.

Mnapenda sana kunijibu kwamba wananchi wana haki ya kujua. Wanayo, na wengine tumepokonywa vipaza sauti kwa kuitetea. Ila haki ya kujua si haki ya muuaji kusikika. Katika video zile kijana yule aliwataja wale vijana wawili walioua watu katika shule ya Columbine, Colorado, mwaka 1999, kwa majina yao ya kwanza, kama mtu anayetaja masahaba. Miaka minane baadaye! Na hao wa Columbine nao walijirekodi kanda nyingi kabla ya kuua. Kanda zile hazikuwahi kuachiwa umma. Mwaka 2011 ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa huko, iliziharibu. Siku hizi nikiwasikia vijana wakisema kwamba kila kitu lazima kionekane, nawakumbuka wale maofisa wa huko Colorado waliokaa juu ya sanduku la kanda zaidi ya miaka kumi huku kila kituo kikiwagongea mlango.

Wala sijiweki kando. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya shambulio moja la huku kwetu, msemaji wa wauaji alituletea sauti yake kwa simu, imerekodiwa vizuri, haina hata mkwaruzo. Mimi ndiye niliyekuwa mhariri wa zamu. Nikakata sekunde arobaini, nikaziweka juu kabisa ya taarifa ya saa moja usiku, nikajipongeza kwamba tumewatangulia wenzetu. Saa mbili kasoro mama mmoja akapiga simu. Hakupayuka. Alikuwa amefiwa na mume katika shambulio lile, na alitaka kujua jambo moja tu: yule mtu alipataje namba ya redio, maana yeye alikuwa akiitafuta tangu juzi atangaze mazishi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Tangazo la mazishi tulilisoma saa tatu, sekunde kumi na tano.

Sasa nakuja kwetu sote, maana tusiwatwike watangazaji mzigo wote.

Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, mtu mmoja aliingia misikiti miwili mjini Christchurch, New Zealand, akaua waumini 51, mdogo wao mtoto wa miaka mitatu. Alijifunga kamera kichwani, akarusha mubashara Facebook dakika 17. Facebook wenyewe walisema waliomtazama wakati akiua hawakufika 200, na mpaka video inaondolewa ilikuwa imetazamwa mara 4,000 hivi. Basi ilikuwaje, ndani ya saa 24, wakalazimika kuondoa au kuzuia nakala milioni 1.5? Nani alizipandisha?

Mimi nilipata yangu kabla ya sala ya Ijumaa. Ilikuja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, imetumwa na shangazi yangu, mswalihina, mwenye tasbihi mkononi mchana kutwa, ameandika chini yake "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun". Tulipotoka msikitini vijana walikuwa wamekusanyika penye viatu, vichwa vimeinamia simu moja. Na yule mtu aliirekodi ili wenzake washangilie kuuawa kwetu! Sisi, kwa machozi na dua, ndio tukamfanyia usambazaji. Nilimpigia shangazi. Akaniambia alitaka watu wawaombee marehemu. Nikamwuliza kama siku anakufa angependa kuombewa kwa kuonyeshwa akigaragara. Hakunisemesha mpaka Ramadhani. Sijutii, ingawa ningeweza kulisema kwa ulimi laini zaidi; ni mwanamke mwema, na video ile mpaka leo inamsumbua usingizini.

Hata wakubwa wa dunia hawakuwa na haya. Rais wa Uturuki alionyesha vipande vya video ile kwenye mikutano yake ya kampeni, New Zealand ikalalamika. Kwa upande wa pili yupo Jacinda Ardern, aliyekuwa waziri mkuu wa New Zealand wakati ule, aliyesimama bungeni akaapa kutolitamka jina la muuaji. Msimamizi wa udhibiti wa nchi yao akapiga marufuku video, na vyombo vikubwa vitano vya habari vikakubaliana kwa maandishi jinsi ya kuripoti kesi bila kumpa mshtakiwa jukwaa. Washindani wa kibiashara, wamekaa meza moja. Kwetu hapa tunashindwa kukubaliana hata saa ya kusoma vifo.

Kuna mmoja atakayeniuliza: basi mzee, tusionyeshe chochote? Sijasema hivyo. Kumbukeni shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 wakauawa. Zile kamera za dukani zilituonyesha wanajeshi wetu wakitoka na mifuko ya supamaketi. Jeshi likasema ni maji tu waliyochukua, polisi wakawatishia waandishi waliozirusha. Picha zile ilikuwa lazima zirushwe, na waliozirusha nawavulia kofia. Kamera ile haikuwekwa na muuaji, na ilichokionyesha ni kitu ambacho wenye nguvu walitaka kisionekane. Swali la kwanza juu ya picha yoyote ni hilo: nani aliipiga, na alitaka imfikie nani? Kama jibu ni kwamba aliipiga muuaji na alitaka ikufikie wewe, ondoa mkono kwenye kitufe uende kumtafuta mhariri wako.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Jina lake likihitajika, mara moja yatosha. Msitumie picha aliyojipiga, tafuteni ya kitambulisho au ya mahakamani. Maandishi yake someni nyinyi, kisha mtueleze kwa maneno yenu. Msiandike "amevunja rekodi". Muziki toeni. Na kabla ya kurusha, wapigieni wafiwa.

Mwaka 2019, shambulio la hoteli ya Dusit lilipotokea Nairobi na gazeti la New York Times likachapisha picha ya maiti zetu zimeinamia meza, nchi nzima iliwaka, Baraza la Habari likaandika barua kali ya kutaka iondolewe. Tulikasirika kwa haki kabisa. Maiti zetu zina heshima yake, na hao 32 wa Virginia nao wana mama zao, ijapokuwa wako mbali na picha zao haziwezi kutushtaki.

Katika jengo la Norris asubuhi ile alikuwamo mwalimu mmoja wa uhandisi, Liviu Librescu, mzee wa miaka 76, mtu aliyenusurika maangamizi ya Wayahudi utotoni kwao Romania. Aliuzuia mlango wa darasa kwa mwili wake mpaka wanafunzi wake wakapata nafasi ya kuruka madirishani. Wengi wa darasa lake waliokoka. Yeye akauawa pale pale mlangoni. Nami nimefika umri huo, magoti yangu nayajua, na kila nikiukumbuka mlango ule najiuliza ningesimama wapi. Katika kipindi chenu cha dakika 45 sikumwona wala sikumsikia. Nilimngoja mpaka kinyozi akanipaka spiriti.

Mtayarishaji wa kipindi hicho namjua. Nilimfundisha kushika kinasa sauti akiwa kijana wa mafunzo, na mama yake nilimzika. Mwanangu, nimekupigia mara tatu, simu yako inaita tu. Tangazo lenu linasema kipindi kitarudiwa Jumapili saa tatu usiku. Leo ni Jumatano. Kuna muda wa kukaa tena kwenye mashine, ukaitoa ile mikono, ukamweka mwalimu. Ukitaka mtu wa kukaa nawe, nitakuja mimi, kahawa nitabeba.