Ile saa ya ukutani

Tanga

Shoga yangu,

Hujambo? Na mama hajambo? Mimi nashukuru, jana nimelala tangu saa tatu usiku hadi adhana ya alfajiri.

Uliniuliza siku zile mania, ugonjwa ule wa akili kuchemka na kwenda mbio, iliponishika nilikuwa naona saa zinakwendaje. Watu hudhani zinakimbia. Wapi! Aliyekuwa akikimbia ni mimi, dunia ndiyo iliyosimama. Unakumbuka nilivyokufokea kwa ajili ya chai? Ulikuwa unamimina kama siku zote, nami naona chai inashuka kutoka kwenye birika kama asali, haifiki kikombeni. Ukianza kusema, mimi nishamaliza maneno yako, nishayajibu, nishaudhika, wewe bado uko kwenye "kwani". Nisamehe. Wallahi nilidhani unafanya makusudi.

Usiku ndio haukuisha. Nilikanda unga kilo tano, nikachoma maandazi, nikafua mapazia yote, nikajaza daftari hesabu za mgahawa. Nikajua kumekucha. Natazama ukutani, saa tisa usiku! Nikapanda kiti, nikaitoa saa betri, nikatia mpya. Ikasema vilevile. Ndipo nikaanza kukupigia simu, na ulipokosa kupokea nikaona umenitupa. Usingizi sikuwa nao siku ya nne ile, na uchovu sikuujua.

Na kesho haikuwepo. Kila kitu leo, sasa hivi. Cherehani ya marehemu bibi niliiuza asubuhi ileile kwa bei ya kutupa, maana fremu ya mgahawa lazima ilipiwe kabla ya adhuhuri. Mgahawa gani? Hata jiko sina.

Daktari alinieleza kwamba wao huiita mania hali ikidumu wiki nzima, au hata chini ya hapo ikibidi ulazwe. Mimi ningemwapia ilikuwa miezi miwili. Shemeji yako alihesabu: siku tisa.

Kisha nikaporomoka, na hapo kutoka kitandani hadi bafuni ikawa safari ya mchana kutwa. Hayo nitakusimulia siku nyingine.

Sasa nameza lithiamu, dawa ya kuituliza hali hiyo, na kila miezi mitatu napimwa damu. Ukija Jumamosi ukaniona nakumalizia maneno yako, usinichekee, mwambie shemeji yako.

Aliyenunua cherehani amekubali kuirudisha, ila anataka faida. Njoo tukambembeleze wote, wewe una mdomo.

Wako,
Shoga yako