Barua ya wazi kwa Afisa Mkuu Mtendaji wa SASRA: Nambari ya kitambulisho si kufuli ya akiba yetu

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Mamlaka ya Kusimamia Vyama vya Akiba na Mikopo, SASRA,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Bahati, kaunti ya Nakuru. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ni mwanachama wa sacco moja ya hapa kwetu kwa mwaka wa 27 sasa. Kwa mikopo ya sacco hiyo nimesomesha watoto wanne, nikajenga, nikanunua ng'ombe wawili wa maziwa. Leo hii pensheni yangu inapitia akaunti ya FOSA, yaani dirisha la sacco linalotoa huduma kama za benki. Kwa hivyo anayekuandikia si adui wa ushirika. Ni mtu aliyeibiwa akiwa ndani ya nyumba anayoipenda.

Nianze na karatasi ya njugu.

Kama mwezi mmoja kabla ya hayo yaliyonipata, nilinunua njugu za shilingi 20 pale Kenyatta Avenue mjini Nakuru nikielekea stendi ya matatu. Muuzaji alizimimina kwenye karatasi, akaikunja ikawa kama pembe, akanipa. Nilizila njiani, na tulipofika Kiamunyeki, sijui kwa nini, nikaikunjua ile karatasi badala ya kuitupa. Ilikuwa ukurasa wa fomu ya mkopo. Palikuwa na wadhamini watatu, kila mmoja na jina lake kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya uanachama, nambari ya simu, kiasi alichodhamini na sahihi. Mafuta ya njugu yalikuwa yamelowesha sahihi ya yule wa tatu, lakini tarakimu zote zilisomeka vizuri. Sehemu ya juu yenye jina la sacco ilikuwa imechanwa, kwa hivyo sinyooshei chama chochote kidole. Jina langu halikuwemo. Niliiweka kwenye mkoba nikiwaza tu kwamba watu hawa watatu hawajui wamefungiwa njugu.

Kisha ikafika zamu yangu. Siku ya Ijumaa, kama saa kumi na moja jioni, simu yangu ilipoteza mtandao. Mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana, nikasema ni mnara umesumbuka. Mjukuu wangu aliizima na kuiwasha, akaitoa kadi na kuipangusa, wapi. Jumamosi nikashuka mjini hadi duka la kampuni ya simu. Kijana aliyenihudumia akatazama kompyuta yake akaniambia, "Mama, laini hii ulibadilisha jana." Nikamwambia jana sikutoka Bahati. Akanitazama kwa huruma, na hapo ndipo miguu ilipoanza kunilegea.

Jumatatu asubuhi, kabla hata askari hajafungua lango la sacco, mimi nilikuwa nimesimama nje. Aliyekuwa kaunta ni msichana niliyemfundisha darasa la nne. Aliangalia akaunti yangu, akanyamaza kidogo, kisha akanyanyuka akaja upande wangu kuniambia kwa sauti ya chini. Pensheni yote ilikuwa imetolewa, zikabaki shilingi 140. Juu ya hiyo, mkopo wa simu wa shilingi 60,000 ulikuwa umechukuliwa kwa jina langu Ijumaa hiyo hiyo usiku, ukatumwa kwenye nambari yangu, na huko ukatolewa. "Pole sana, Mwalimu," akasema, "lakini mfumo unaonyesha ni wewe."

Mheshimiwa, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Mfumo unaonyesha ni wewe. Niliyasikia kwa karani, nikayasikia kwa meneja, na baada ya wiki tano nikayasoma kwa barua yenye muhuri, ikinieleza kwamba usalama wa nambari ya siri ni jukumu la mwanachama. Mwezi uliofuata, mkopo nisioujua ukaanza kukatwa kwenye pensheni yangu. Nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, niliwapa, wakaipiga fotokopi, wakaiweka kwenye faili.

Mimi sikumpa mtu yeyote nambari yangu ya siri. Nasema hivi bila kuyumba, kwa sababu baadaye nilielezwa jinsi ilivyokuwa. Mwizi hakuihitaji ile ya zamani. Alipokwisha kuhamisha laini yangu kwenye kadi yake, alipiga simu kwa huduma ya wateja ya sacco akasema amesahau nambari ya siri. Akaulizwa nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya uanachama. Akajibu yote matatu, na nambari mpya ikatumwa kwa meseji kwenye laini ambayo tayari ilikuwa mkononi mwake.

Sasa tuyatazame hayo maswali matatu. Nambari ya kitambulisho, katika nchi hii, inajulikana na nani? Nimeiandika kwenye daftari la askari wa kila jengo nililoingia mjini Nakuru, pamoja na nambari ya simu na sahihi. Nimeiandika kwa maajenti wa pesa za simu tangu huduma hiyo ianze mwaka 2007. Tarehe ya kuzaliwa imechapishwa kwenye kitambulisho chenyewe, kwa hivyo mwenye fotokopi moja ana majibu mawili. Na nambari ya uanachama iko kwenye kila risiti. Katika mkutano mkuu wa mwaka tunapanga foleni mbele ya meza, na pale mezani pana orodha ya wanachama wote imefunguliwa, kila mtu akitafuta jina lake kwa kidole huku akisoma ya wenzake. Hizo si siri. Kumpa mtu pesa zangu kwa sababu anazijua ni sawa na kutundika ufunguo wa ghala barazani, kisha siku ya wizi unamuuliza mwenye mahindi alikuwa wapi.

Ninajua ofisi yako ina kazi kubwa. Sheria ya Sacco ni ya mwaka 2008, nanyi mkaanza kutoa leseni mwaka 2010, na wengi wetu tulipoiona leseni yenu ukutani ndipo tulipolala usingizi. Najua pia kwamba sacco nyingi ndogo hazina fundi wao wenyewe wa kompyuta. Mfumo wamekodi, na ukikwama wanapiga simu Nairobi na kusubiri. Hilo ni tatizo la kweli na halimalizwi kwa kuwakemea. Lakini Benki Kuu ilizipa benki mwongozo wa hatari za mtandao mwaka 2017, ikaweka wazi kwamba mwenye kuulizwa ni bodi. Mwanachama wa sacco naye anastahili kuona ulinzi wa namna hiyo pale dirishani, si kwenye faili iliyo kabatini.

Ombi langu la kwanza, na ndilo ninalolishikilia kuliko yote, ni kuhusu laini iliyobadilishwa. Kampuni ya simu inajua siku na saa kadi ya simu ilipobadilishwa. Mfumo wa sacco unaweza kuuliza habari hiyo kabla ya kuruhusu pesa kutoka. Basi iwe kanuni kwa kila sacco yenye huduma za simu: laini ikibadilishwa, huduma za simu za mwanachama huyo zijifunge zenyewe, mkopo usitoke, nambari ya siri isibadilishwe, mpaka afike tawini atambuliwe kwa uso na alama ya kidole. Nimeambiwa itawasumbua wanachama waliopoteza simu kihalali. Ni kweli, itawasumbua siku mbili tatu. Mimi nitasumbuka mpaka ule mkopo uishe.

Na kwa wale walio mbali na tawi, wa Kuresoi au Subukia, ambao nauli ya kuja mjini si mchezo, sisi wa sacco tuna kitu ambacho benki haina. Tunajuana. Tangu mwanzo ushirika huu umesimama juu ya wadhamini. Kwa nini kila mwanachama asiandikishe watu wawili anaowaamini, ambao watapata meseji mara tu nambari yake ya siri au laini yake inapoguswa? Ijumaa ile, kama mwenzangu niliyefundisha naye Dundori angepata meseji, angepiga kwangu, asinipate, angemtuma mtoto mbio hadi nyumbani. Saa moja ya usiku ningekuwa nimejua, badala ya Jumatatu.

Jambo la pili ni mzigo wa kuthibitisha. Pesa zikitoka baada ya nambari ya siri kubadilishwa kwa simu, sacco ndiyo ionyeshe kwamba mwanachama alizitoa pesa hizo mwenyewe. Mimi nitathibitishaje kwamba sikupiga simu? Rekodi za simu wanazo wao, sauti ya aliyepiga wanayo wao, na hata waliponiambia mfumo unaonyesha ni mimi, hawakunionyesha mfumo huo. Uchunguzi uwe na siku zake zilizoandikwa, na zikipita bila jibu mwanachama arudishiwe pesa. Na wakati unaendelea, makato yasimame, na jina lake lisipelekwe CRB, ofisi inayoweka rekodi za wakopaji, kama mdaiwa mbaya.

Kuna walionitia moyo kwamba sheria ilitaja mfuko wa kulinda akiba za wanachama, hadi shilingi 100,000 kwa kila mmoja. Mfuko huo ni wa siku sacco yenyewe inapoanguka. Yangu haijaanguka, imesimama wima, na mwaka huu imegawa gawio.

Kuhusu karatasi, nitasema machache tu kwa sababu sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya mwaka 2019, na inamtaka anayetunza habari za watu, zikivuja kwa namna ya kuwadhuru, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Fomu kuukuu zinauzwa kwa kilo kama magazeti. Mkaguzi wako anapokwenda kukagua vitabu vya sacco, aulize pia: fomu za miaka kumi iliyopita ziko wapi, na nani alizichoma?

Na kimya nacho kikome. Wizi wangu haukutajwa katika mkutano mkuu. Nilipousimulia mwenyewe nje ya ukumbi, wakati wa chai, wanachama wawili walinivuta kando wakaniambia yaliwapata kama hayo, na walikuwa wameona aibu kusema. Mmoja ni mzee wa Njoro, na hata mke wake hajui. Viongozi wanaogopa kwamba wizi ukitangazwa watu watatoa akiba zao. Naielewa hofu hiyo, lakini kila mmoja wetu akiugulia chumbani kwake, mwizi anarudi kwa mbinu ile ile Jumatatu na Ijumaa. Ripoti ya mwaka ina ukurasa wa mikopo iliyokwama. Iwe na ukurasa wa wizi wa kupitia simu: visa vingapi, pesa ngapi, ngapi zimerudishwa.

Meseji mnazotuandikia kutuhimiza tusitoe nambari ya siri, nazipokea na ni nzuri. Jirani yangu, ambaye laini yake ni ya Safaricom, amepiga *100*100# ili isibadilishwe kwa ajenti, na nimewaambia wenzangu wenye laini kama yake wafanye vivyo hivyo. Kurasa za Facebook zinazotumia nembo za sacco kuahidi mikopo kwa "ada ya usajili" tunaonyana juu yake kila Jumapili baada ya kanisa. Tunafanya sehemu yetu. Lakini mwizi wangu hakuniuliza mimi chochote. Aliiuliza sacco, ikamjibu.

Ile karatasi ya njugu bado ninayo, ndani ya bahasha, katikati ya Biblia. Watu wake watatu sijawapigia, kwa maana mtu asiyekujua akikupigia na kukutajia nambari yako ya kitambulisho, utamwamini vipi? Sitaipiga picha wala kuituma kwa simu. Nipe siku, nami nitapanda gari la asubuhi niilete Nairobi niiweke mkononi mwako.

Wako katika ushirika,
Mwalimu mstaafu,
Bahati, Nakuru.