Kwa vijana wathamini mnaosubiri kuitwa mbele ya jopo

Wanangu,

Wiki hizi nimepokea salamu nyingi kutoka kwenu, na karibu zote zinabeba swali moja: "Mzee, wanauliza nini?" Mmemaliza masomo Chuo Kikuu Ardhi, mmefanya kazi chini ya wathamini waliosajiliwa, mmekusanya ripoti zenu, na sasa mnangoja siku ya usaili wa kusajiliwa kuwa wathamini, watu wa kukadiria thamani ya ardhi na majengo. Nasikia wengine mnakariri Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 kifungu kwa kifungu. Isomeni, tena msome vizuri. Lakini hilo silo litakalowavusha.

Mimi jopo lilinirudisha mara ya kwanza. Nilikwenda na ripoti ya nyumba ya kuishi, imechapwa safi, picha zimepangwa. Mzee mmoja aliyekaa pembeni, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu niingie, alifunua ukurasa wa hesabu akauliza, "Uchakavu asilimia 25. Umeupata wapi?" Nikajibu, "Ndivyo tunavyoweka ofisini." Akauliza paa ni la nini. Nikasema bati. Geji ngapi? Nikanyamaza. "Na nyuma ya nyumba kuna nini?" Nikazitazama picha zangu. Zote nilikuwa nimezipiga nikiwa upande wa barabarani. Akaifunga ripoti taratibu, wala hakukasirika, na mimi nikajua.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye nyumba ile. Nyuma nilikuta ufa umeanzia kona ya dirisha ukashuka hadi kwenye msingi, kidole kinaingia. Maji ya bafuni yalikuwa yakimwagwa palepale, na ukuta ulikuwa umelowa hadi usawa wa kiuno, plasta inabanduka ukiigusa. Benki ilikuwa tayari kutoa mkopo kwa kuitegemea namba yangu, na namba yangu haikuwa imeuona ule ufa.

Basi jibu langu kwa swali lenu ni hili: watauliza kama mlifika. Watalizungusha kwa njia kumi, lakini swali ni hilohilo. Ukiulizwa kwa nini umetumia mbinu ya gharama, yaani kuhesabu gharama ya kujenga upya ukitoa uchakavu, na si ya ulinganisho, yaani kupima kwa bei za mali zinazofanana zilizouzwa, wanataka kujua kama ulitafuta mauzo ya jirani ukayakosa, au hukutafuta. Na ukisema umetumia ulinganisho, tegemea kuulizwa bei zako ulizitoa wapi. Mnajua wenyewe kwamba bei ya kwenye mkataba wa mauziano mara nyingine si ile iliyotoka mfukoni, maana kuna watu wanaoikimbia kodi. Aliyezungumza na dalali, na jirani, na mwenyekiti wa mtaa ataeleza. Aliyeketi ofisini atababaika.

Chukueni fremu ya duka pale Kariakoo. Mkataba unaonyesha kodi ya mwezi, lakini mpangaji alipoingia alitoa kilemba, fedha ya mara moja ya kupewa fremu, nje ya kodi. Ukikokotoa mapato kwa kodi ya mkataba peke yake, umelipunja jengo. Ukikiingiza kilemba chote kama mapato ya mwaka mmoja, umelipandisha kupita kiasi. Kisambaze kwenye miaka ya upangaji, ueleze kwa nini umechagua miaka hiyo.

Kwenye fidia ya watu ambao ardhi yao inachukuliwa, nawaomba mtulie, kwa sababu hapo ndipo kazi yetu inapogusa watu wasio na mwanasheria. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikubali kwamba ardhi yenyewe ina thamani, si nyumba na mazao yaliyo juu yake tu. Kanuni zake za 2001 zikaweka posho. Ya makazi ni kodi ya pango kwa bei ya soko, kwa miezi 36. Ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Ya usumbufu inafuata wastani wa riba ya amana za miezi 12 katika benki za biashara. Mwenye biashara anaongezewa faida halisi ya miezi 36. Na mjue pia ni nani hastahili nini: ardhi isiyokaliwa hailipiwi posho ya makazi, usafiri wala faida iliyopotea. Haya yote mnayajua. Ila jopo likikupa mtu mmoja, ana nyumba ya tope, kibanda cha chai na minazi sita, je, unaweza kumfanyia hesabu yake pale pale, ukaieleza kwa Kiswahili ambacho yeye mwenyewe angekielewa?

Katika kazi moja ya barabara, mama mmoja alinishika mkono akanirudisha hadi kwenye mnazi niliokuwa nimeuandika kuwa mchanga. Akaniambia, "Huu nimeangua mwaka jana, mwanangu." Nikainua kichwa, nikaona kovu la mkungu uliokatwa. Nilifuta mstari mbele yake na mbele ya mtendaji, nikaandika upya, tukatia saini sote. Hadithi hiyo niliieleza kwenye usaili wa pili, kosa langu likiwamo, na nadhani ndiyo iliyonisajili.

Msione aibu kusema hamjui. Sema, "Hilo sijawahi kulifanya, ningeanza kwa kumuuliza aliyenitangulia." Wale wazee wanajua sauti ya mtu anayebuni, wameisikia miaka mingi.

Jambo jingine. Huko vijijini wengi wanatuita "wadhamini". Msiwacheke. Kwa sheria zetu Rais ndiye mdhamini wa ardhi yote kwa niaba ya wananchi, na wewe ni mthamini: hugawi ardhi, hutungi bei, unaisoma bei iliyopo na kuitetea. Jopo linaweza kuuliza utafanya nini mteja akikupigia simu akitaka namba ipande kidogo ili mkopo utoshe. Jibu lake ni fupi na mnalijua. Litoeni bila kusita, kisha mlishike mkiwa na muhuri mkononi, maana simu hiyo itakuja.

Sasa, pitieni mafaili yenu wiki hii. Kila ripoti itembeeni kichwani: getini, barazani, jikoni, uani, chooni, juu darini. Mahali kumbukumbu inapokatika, pandeni daladala mkaangalie, na tepu mkononi. Kama jengo lipo huku Morogoro, nitafuteni. Nitakwenda nanyi, miguu bado inafika.

Mzee wenu,
mthamini mstaafu, Morogoro