Rhapta mmeiita bandari, Mgiriki yeye kasema soko

Mhariri, salaam. Makala yenu ya Rhapta, ule mji wa kale wa pwani ya Afrika Mashariki, nimeisoma huku Dodoma (najua, watu wa bara tunaambiwa bahari haituhusu, haya) na mmeiita bandari mwanzo mwisho, wakati yule Mgiriki aliyeandika Periplus ya Bahari ya Erythraea (kitabu cha njia za meli na biashara) karne ya 1 BK anaiita emporion, yaani mji wa biashara. Kwao limen ndo bandari yenyewe iliyojikinga na mawimbi, halafu hormos ni pa kutia nanga tu, ulale, kesho uendelee. Pwani ya Azania, ndo hii yetu ya Afrika Mashariki, anataja hormos zimefuatana na anazipanga kwa mwendo wa siku moja moja, jumla 7, sasa nahodha akichanganya hayo upepo ukageuka si chombo kinaenda na maji jamani?

Alafu mmeruka kitu kitamu, anasema jina Rhapta limetokana na mashua za kushonwa, mitepe ya enzi hizo kama mi naona. Na pembe za ndovu zilikuwa tele, zilitoka wapi? Hilo mtuandikie jumapili.

Msomaji wenu, Dodoma