Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: mahindi tulipokea, mtu wa kutusikiliza hajafika

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Sisi ni watu wa mwambao ambao Ziwa Tanganyika limepanda likachukua nyumba zetu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizopeleka kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya kata zilipokelewa, zikagongwa muhuri, zikaishia hapo. Nilikuwa bado navumilia, mpaka yalipotokea ya shuleni wiki iliyopita.

Mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha mchana, watoto wakiwa darasani. Haikuwa mvua ya kutisha mtu mzima: ngurumo kidogo, upepo wa kutoka ziwani, mabati yakaanza kupiga kelele. Darasa la tatu wakainuka wote kwa pamoja, wengine wakapitia dirishani, wakakimbia kupanda kilima. Viatu na madaftari vilibaki. Mwanangu tulimpata jioni kwenye michikichi ya watu, ameshikilia shina, anatetemeka na hataki kushuka. Kesho yake wakachapwa viboko mstarini kwa utovu wa nidhamu.

Mheshimiwa, wale watoto hawakutoroka shule. Walifanya kile walichofundishwa na usiku ule maji yalipoingia ndani, kwamba ukisikia upepo wa ziwa unakimbilia juu, usisubiri kuambiwa. Hata mwalimu aliyewachapa sina hasira naye sana, maana chumba alichopanga kiliingia maji kama vyetu, na hakuna aliyewahi kumuuliza analalaje.

Nikueleze na ya nyumbani kwangu. Tangu nyumba yetu ichukuliwe na maji tunaishi kwa shemeji yangu, familia mbili kwenye vyumba viwili. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Usiku ambao hakwenda ziwani huamka, huchukua fimbo aliyoitia alama kwa kisu, hushuka kupima maji pale palipokuwa na ngazi ya jiko letu. Akirudi hasemi maji yamefika alama ya ngapi. Ukimuuliza anakwambia lala. Huyu ni mtu aliyekuwa anacheka mpaka majirani wanasikia. Mtoto naye hulala na kiroba chenye sare na madaftari, amejifunga kamba yake mkononi, na amerudia kukojoa kitandani, kitu alichokuwa ameshaacha. Mimi mwenyewe najikuta nimesimama kwenye chanja la kuanikia dagaa, sijui nilifuata nini.

Ulipokuja kutupa pole ulisimama kwenye meza ya kuuzia samaki pale mwaloni, wanapotua wavuvi, ukatuahidi chakula, mablanketi na wataalamu wa ushauri nasaha. Tulipiga makofi. Mahindi yalikuja, mablanketi yakaja, tulishukuru na tunashukuru hadi leo. Wataalamu hatujawaona. Nilipouliza kwenye mkutano wa kijiji, afisa aliyekuwepo alinijibu kwamba tulijenga ndani ya mita 60 za ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kweli, wala sibishani nayo. Lakini mimi niliuliza habari ya usingizi wa mtoto. Na hizo mita 60, Mheshimiwa, zinapimwa kutoka wapi wakati ziwa lenyewe limehama? Babu wa mume wangu alipojenga, maji yalikuwa mbali.

Kwa nini ziwa limepanda, kila mtu ana lake. Wengine wanasema ni mvua kubwa za miaka hii, wengine ni udongo unaoporomoka milimani tulikokata miti. Wapo wanaosema Lukuga kule Kongo, ambao ndio mto pekee unaotoa maji ziwani, umeziba. Nahisi yote yamechangia. Wazee wanakumbuka lilipanda pia mwanzoni mwa miaka ya 1960, likarudi taratibu. Ninachojua mimi ni kwamba wenzetu wa Katonga na Kibirizi hapa Kigoma wamelia, ng'ambo ya Burundi watu wa Gatumba wamelia, na sisi tumelia.

Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, serikali ilipeleka jeshi, chakula, na pia wataalamu wa saikolojia na maafisa ustawi wa jamii. Ilifanya vizuri sana. Maafa yale yalikuwa na siku yake na saa yake, taifa zima likaona. Yetu yalikuja kidogo kidogo, msimu huu choo, msimu ujao jiko, kisha chumba cha watoto, na kwa kuwa hayana tarehe hakuna aliyetangaza msiba. Mwaka 2024, maji yakiwa yamejaa, ziwa likafungwa tusivue kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nia ilikuwa njema. Lakini mwanaume aliyepoteza nyumba akaambiwa akae na asivue, alikaa wapi, na alikaa na nani? Ndipo pombe ilipoingia kwenye nyumba ambazo haikuwahi kuingia, na wanawake wengi hapa wanajua kilichofuata. Siandiki yote.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imekuweka wewe mwenyekiti wa kamati ya maafa ya wilaya, ndiyo maana barua hii inakuja kwako. Maafa hayaishi siku mahindi yanapogawiwa. Mtu asiyelala hawezi kuanza upya, hawezi kupanga pa kuhamia, hata tahadhari ya mvua ikitangazwa redioni anazima kwa sababu moyo wake hauna nafasi tena.

Wala siombi hospitali. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia tangu 2011, na kiini chake ni kumwangalia mtu, kumsikiliza na kumuunganisha na msaada, kazi ambayo asiye daktari anaweza kufundishwa. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mitaani, wakawa wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi zile walipata nafuu kuliko wenzao. Mabibi tunao. Na mkoani kwetu humu humu, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na wapo watu waliofundishwa kukaa na waliokimbia vita. Mmoja wao akishuka huku ziwani kutufundishia wanawake kumi wa mwaloni, atapungukiwa nini? Serikali imezindua pia mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Januari 2024. Wa kwetu wanajua malaria na chanjo. Waongezewe na hili.

Na wakija, Mheshimiwa, waje kipindi cha mbalamwezi. Nasisitiza kwa sababu mikutano huitishwa na watu wasiojua ratiba yetu. Dagaa huvuliwa kwenye giza kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wako nyumbani, wanashona nyavu. Ukija kwenye giza utawakuta wanawake na watoto tu, utaandika kwamba wanaume hawakujitokeza, na wanaume ndio wanaotutia hofu zaidi kwa sababu hawasemi.

Ningeweza kuomba viwanja vya kuhamia, na tunavihitaji. Ningeweza kuomba shule ihamishwe juu. Haya yana vikao vyake na fedha zake, tutayafuata. Leo naomba mtu mmoja. Afisa ustawi wa jamii au mshauri nasaha mmoja, mwenye siku inayojulikana, awe anakaa zahanati au hata chini ya mwembe wa mwaloni, aanze kabla mvua kubwa hazijafika. Akianza na darasa la tatu na mwalimu wao nitashukuru zaidi. Na agizo litoke ofisini kwako kwamba mtoto asichapwe kwa kuogopa mvua.

Tunaomba jibu lako, hata likiwa la hapana, lisomwe na mtendaji kwenye mkutano wa kijiji unaokuja, kila mtu alisikie. Ukisema ndiyo, taja jina la mtu huyo na siku atakayoanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama mwanika dagaa, mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kigoma